Mama Chomoa na Mashine Thelathini na Nane

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, fundi wa meza ya kwanza katika karakana yetu ya vyombo vya umeme atavua aproni na kustaafu, baada ya kutumikia miaka thelathini na tatu na miezi mitano. Jina lake kamili lipo kwenye daftari la utumishi, na atakayelihitaji ataliona huko. Humu ndani, kuanzia getini mpaka stoo, anaitwa Mama Chomoa, na wapo wateja wa miaka kumi wasiojua kama ana jina lingine.

Jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia. Kila kifaa kinachofika mezani kwake, na kila mtu anayekisogelea, neno la kwanza ni "Chomoa". Salamu baadaye. Plagi ikishatoka ukutani anaitia kwenye mfuko wa aproni yake, ikiwa bado imeungana na mashine kwa waya wake, ndipo anapokuuliza habari za nyumbani. Hoja yake ni kwamba plagi iliyo mfukoni mwako hakuna mpita njia atakayeichomeka akidhani anakusaidia. Ndiyo maana saa nyingi za mchana ukiingia karakana unamkuta kama mtu aliyefungwa kamba na maikrowevu, na hajawahi kuona haya.

Tabia hiyo haikuishia kazini. Mume wake, fundi cherehani na mtu mpole kupita kiasi, anasema tangu waoane hajawahi kumaliza kupiga pasi suruali moja; akigeuka tu kuchukua maji, pasi imeshachomolewa. Kwenye harusi ya karani wetu wa mapokezi, spika ilianza kukoroma baba mkwe akiwa katikati ya nasaha. Mama Chomoa aliinuka na gauni lake la sherehe, akatembea mpaka ukutani, akachomoa. Nasaha ziliishia hapo, na bwana harusi anamshukuru mpaka leo.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, na hakuajiriwa kama fundi. Alikaa kaunta akipokea vifaa vibovu na kuandika tiketi: mteja ni nani, kifaa ni gani, kinasumbua nini. Baada ya miezi michache alianza kuandika na ugonjwa wenyewe, na ubaya ni kwamba alikuwa anapatia. Mafundi wa wakati huo, wanaume watupu, hawakupenda kusoma jibu kabla hawajafungua hata skrubu moja. Wakampa redio iliyokata roho miaka miwili nyuma, wakajiandaa kucheka. Siku ya tatu redio ile iliwasomea taarifa ya habari ya mchana wakiwa wanakula.

Akasoma masomo ya jioni kwa miaka miwili. Mwaka wa pili alikuwa na ujauzito wa binti yake wa kwanza, na siku ya mtihani wa vitendo msimamizi aliangalia tumbo zaidi kuliko alivyoangalia mikono. Alifaulu hata hivyo. Alipewa meza ya kwanza, ile iliyo karibu na dirisha, pamoja na namba saba ya ufundi. Tangu siku hiyo kila mashine anayoitengeneza hutoka na stika ndogo mgongoni yenye tarehe na namba saba.

Zimepita mezani kwake pasi, feni, majiko na mashine za kufulia zisizo na idadi, lakini sifa yake kubwa aliipata kwenye maikrowevu. Chombo hicho kilipoanza kuingia majumbani kwa wingi, mafundi wengi walikiogopa, na walikuwa na haki. Ndani yake mna kapasita, kikopo kinachotunza umeme wa kuua mtu hata baada ya plagi kutoka ukutani. Mama Chomoa anasema kapasita ina kinyongo: ugomvi umeshakwisha, yenyewe bado imeweka moyoni. Hakuna anayegusa chochote humo mpaka kinyongo hicho kimemalizwa kwa kifaa maalumu chenye mpini mrefu wa plastiki, kisha mita ikathibitisha kwamba kimekwisha kweli. Mteja akimwambia kwamba alijaribu kufungua kava mwenyewe nyumbani kwa bisibisi ya kuazima, humtazama kama mtu aliyeponea chupuchupu, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ubingwa wake hasa uko mlangoni. Mteja huleta maikrowevu iliyozima kabisa, haiwaki hata taa. Fundi mwenye haraka hufungua, huona fyuzi imeungua, huweka mpya, hukabidhi. Mteja hurudi kesho yake akiwa na hasira na mashine kwapani, kwa sababu fyuzi mpya nayo imeungua mara tu alipofungua mlango kutoa chakula. Mama Chomoa haulizi fyuzi kwanza. Anafungua na kufunga mlango taratibu mara tano, sita, sikio likiwa karibu, akisikiliza milio midogo ya swichi zilizojificha nyuma ya kulabu za mlango. Kuna siku alimwambia mteja swichi gani imekufa kabla hajashika bisibisi.

Kwa wasomaji wetu wa idara nyingine, ni vizuri kueleza, maana yanayofuata yote yanategemea hapo. Mlango wa maikrowevu una swichi tatu, kila moja ndogo kuliko kiberiti. Mbili kazi yake ni kukata umeme mlango unapofunguliwa, ili mionzi inayopasha chakula isitoke nje na kumpasha mpishi. Ya tatu haina kazi yoyote ya jikoni. Inakaa pembeni kimya ikiwaangalia wale wawili, na siku wakishindwa kukata umeme, inapiga shoti kwa makusudi, fyuzi inaungua na mashine inazima papo hapo. Karakana nzima inaiita swichi ya mama mkwe. Jina ni la Mama Chomoa mwenyewe, na alilitoa mbele ya mama mkwe wake, ambaye alilipenda.

Sasa, ukitaka kujua kama mama mkwe ni mzima, lazima umpime akiwa peke yake. Ni lazima uchomoe waya wake mmoja kwanza, kwa sababu usipofanya hivyo mita inasoma kupitia transfoma na inakudanganya. Unachomoa, unapima mlango ukiwa umefungwa, unapima ukiwa wazi, kisha unarudisha waya. Ukisahau kuurudisha, hutajua. Taa itawaka, sahani itazunguka, uji utachemka, mteja atashukuru. Mashine itafanya kazi vizuri kabisa, ila mama mkwe hayupo nyumbani, na hakuna anayewaangalia wale wawili.

Hilo ndilo lililotokea miaka kumi na tisa iliyopita, na ndiyo sababu wasifu huu haukutosha kwenye ukurasa mmoja.

Mwaka huo Mama Chomoa aliteleza kwenye ngazi za stoo akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Alikaa na plasta wiki tano, na hakubaki nyumbani hata siku moja. Alipima kwa mkono wa kulia na kuamua mwenyewe, huku fundi wa meza ya pili akimsaidia kuchomoa na kurudisha nyaya na kukaza skrubu. Fundi huyo ni mwandishi wa wasifu huu. Alikuwa na miezi miwili tu kazini, bado yuko kwenye majaribio, na mke wake alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Stika zilibaki na namba saba, kwa kuwa aliyeamua ndiye anayesaini.

Miezi michache baada ya plasta kutolewa, mashine moja ya wakati ule ilirudi ikiwa na tatizo dogo tu, taa ya ndani imeungua. Mama Chomoa akaifungua. Waya wa mama mkwe ulikuwa umelazwa vizuri kando ya transfoma, haujaunganishwa popote. Aliusogeza kwa ncha ya bisibisi, akautazama, akausogeza tena. Halafu alikaa kwenye stuli, jambo ambalo halifanyi kabla ya saa sita. Baada ya muda aliinuka, akaenda mapokezi, akaomba daftari, akaanza kuhesabu maikrowevu zote zilizopita mezani kwake katika wiki zile tano na kupimwa swichi za mlango. Zilikuwa thelathini na nane pamoja na hiyo.

Meneja wa wakati ule ameshaondoka, kwa hiyo hataumia akisoma haya. Alisikiliza, akasema hakuna mteja aliyelalamika, mashine zinafanya kazi, na kwenda kugonga milango ya watu kuwaambia tuliwaachia waya nje ni kujitangazia aibu. Mama Chomoa alimjibu kwa adabu zote kwamba hakuja kuomba ruhusa, amekuja kutoa taarifa. Meneja akauliza ni nani hasa aliyezifunga zile mashine. "Stika inasema namba saba," akajibu. "Namba saba ni mimi." Mwandishi alikuwa mlangoni ameshika boksi la skrubu, na alilishika kwa nguvu sana.

Uamuzi wa meneja ulikuwa huu: ana siku kumi na nane, mpaka mwisho wa mwezi. Aende kwa muda wake mwenyewe, baada ya kazi na siku za mapumziko. Siku hizo zikiisha ikiwa imebaki hata mashine moja haijaonwa, arudishe aproni. Mama Chomoa alishukuru kama mtu aliyepewa likizo.

Kila jioni alitoka na begi lenye mita, bisibisi mbili, kifaa cha kumaliza kinyongo, kipima mionzi na boksi la swichi mpya. Mwandishi alibeba begi. Walitembea mitaa ambayo hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga, wakipanda ngazi za majengo yasiyo na taa, wakiulizia watu kwa majina ya utani yaliyoandikwa na karani mwenye haraka: Mzee wa Viatu, Dada wa Ghorofa ya Nne, Mwenye Mbwa. Mwenye Mbwa alikuwa na mbwa watatu, na daftari halikutaja hilo.

Watu ni watu. Kinyozi mmoja alikuwa akipasha taulo za wateja kwenye maikrowevu na akaomba mke wake asiambiwe, kwa kuwa ilikuwa ya mke wake. Mwanajeshi mstaafu alitaka kwanza kukagua begi, kisha vitambulisho, kisha viatu, na mwishoni alisimama wima muda wote kazi ikiendelea. Kijana mmoja mseja alikuwa ameifanya ya kwake kabati la mkate. Mama Chomoa alimtolea mkate, akachomoa plagi ambayo haikuwa imechomekwa, akaitia mfukoni, akafanya kazi yake yote kama kawaida.

Kila mahali alisema maneno yale yale, wima, bila kuzungukazunguka: nilifungua mashine yako, huenda niliacha waya mmoja nje, nimekuja kuangalia, haitachukua nusu saa. Wengine walikasirika. Mama mmoja alitaka kujua tulikuwa wapi miezi yote hiyo, na Mama Chomoa alimwambia ana haki ya kuuliza. Mbele yao hakumlaumu mtu mwingine hata mara moja, na hakuna siku alisema "tulisaidiana". Alisema "nilifunga".

Kufikia siku ya kumi na sita alikuwa ameona mashine thelathini na saba. Nne zilikuwa na waya umelala nje, pamoja na ile ya taa. Nyingine zote zilikuwa salama. Mtu wa kawaida angesema hesabu hiyo inatosha, na miguu ya mwandishi ilisema hivyo. Mama Chomoa alisema bado moja.

Hiyo moja daftari liliiandika hivi: Mlezi, jengo la njano. Namba ya simu haikupatikana. Siku ya kumi na saba, siku yao ya mapumziko, walizunguka asubuhi yote wakitafuta jengo la njano katika mtaa ambao, ikaja kugundulika, ulikuwa umepakwa rangi upya. Jengo sasa lilikuwa la kijani. Chini yake palikuwa na kituo cha kulelea watoto wachanga, chumba kimoja kirefu chenye magodoro madogo sakafuni na jiko dogo nyuma ya pazia. Mlezi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea watoto waliolala, aliwasikiliza mlangoni, akasema mashine yake ni nzima, inapasha maziwa ya watoto ishirini na wawili, na hana muda wa kuzimiwa mashine. Waje kesho kutwa. Kesho kutwa ilikuwa imeshapita mwisho wa mwezi.

Mama Chomoa hakubishana. Aliuliza kama anaweza kusubiri. Alipewa kiti kilichokuwepo, kiti cha mtoto wa miaka mitatu, akakikalia magoti yakiwa karibu na kidevu. Akasubiri tangu saa nane. Saa tisa, chupa za maziwa zilipopangwa, alisimama, akachemsha maji kwenye sufuria, akazipasha chupa moja moja ndani ya maji, akijaribu kila moja kwa tone kwenye kiganja, mpaka zikaisha zote ishirini na mbili. Kisha akamgeukia mlezi akamwambia kwa unyenyekevu kwamba sasa mashine haina kazi mpaka saa kumi na mbili. Mlezi akasogeza pazia.

Alichomoa, akatia plagi mfukoni. Akatoa kava, akamaliza kinyongo cha kapasita, akapima, akapima tena. Waya wa mama mkwe ulikuwa nje. Akachomoa nyaya za swichi ya kwanza, akizishika kwenye vichwa vyake vya chuma na si kwenye waya wenyewe, akaweka mita, akafunga mlango. Mita ikalia. Akafungua mlango. Mita ikaendelea kulia. Swichi ile ilikuwa imeungana kabisa, haikati tena, mlango uwe wazi au umefungwa. Kati ya mashine ile na mikono ya walezi, na sura zao walipoinama kutoa chupa, palikuwa pamebaki swichi moja, ndogo kuliko kiberiti, na hapakuwa na mtu wa kuiangalia.

Mwandishi alikuwa ameshika tochi, na bila kujua aliigeuza kuelekea pazia. Mama Chomoa alimwambia ashike tochi vizuri, basi. Akatoa swichi mpya, akailinganisha na ya zamani: nguvu ile ile, miguu ile ile, kitufe upande ule ule. Akaipachika mpaka ikalia, akaifanyia vivyo hivyo ya pili ingawa ilikuwa nzima, kwa sababu hakutaka kuiamini tena, akabadilisha na ya mama mkwe. Akarudisha nyaya akizihesabu kwa sauti. Akapima mlango ukiwa umefungwa, akapima ukiwa wazi, akakagua kulabu kama zinakaa sawa. Mwisho akaichomeka na kikombe cha maji ndani, akapitisha kipima mionzi pande zote nne za mlango. Hakikusoma kitu.

Ndipo akamuuliza mlezi huwa anaizimaje. Mlezi akamwonyesha: maziwa yakiwa tayari, anavuta mlango tu, mashine ikiwa inanguruma, mara arobaini au hamsini kwa siku. Mama Chomoa akamwelekeza kitufe cha kuzima, akamweleza kwamba kila anapovuta mlango namna ile swichi inachomwa na cheche mpaka inagandana. Bonyeza kwanza, kisha fungua. Mlezi alitazama magodoro yale madogo upande wa pili wa pazia, akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Na mimi nilikuwa nawafukuza mlangoni." Akawafungia maandazi manne kwenye karatasi, wakayala njiani.

Siku iliyofuata Mama Chomoa aliweka orodha mezani kwa meneja. Thelathini na nane, zote na tarehe, tano zikiwa zimerudishiwa waya. Aproni ilibaki kwake. Lakini kwa nyaya zile tano alipewa barua ya onyo, na nakala ikawekwa kwenye jalada lake. Alisaini bila kusoma mara ya pili, akaenda kuomba jambo moja: kuanzia siku hiyo, kava lisifungwe kabla fundi mwingine hajaja kugusa kila waya kwa kidole na kuhesabu kwa sauti, na stika iandikwe namba za wote wawili. Wageni wakitutembelea huona ajabu watu wazima wakihesabu moja, mbili, tatu kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mashine iliyorudi humu ikiwa na waya nje.

Barua nayo ilikaa. Nafasi ya mkuu wa karakana ilitangazwa mara tatu katika miaka hiyo, na mara zote tatu jalada lilifunguliwa kabla ya mwombaji kuitwa. Mara ya kwanza na ya pili walipewa watu ambao yeye ndiye aliyewafundisha kushika mita. Mara ya tatu, miaka sita iliyopita, alipewa mwandishi wa wasifu huu. Wa kwanza kumpa mkono alikuwa Mama Chomoa.

Ofisi iliagiza wasifu uandikwe kwa nafsi ya tatu, na nimejitahidi mpaka hapa. Sehemu iliyobaki siwezi kuiandika hivyo.

Nyaya zile tano niliziacha mimi. Kila ulipomaliza kupima, Mama, ulinipa mashine niifunge, na kila nilipochomoa waya nilizungushia ncha yake utepe mweusi mara mbili ili isiguse bodi. Nilifundishwa hivyo chuoni. Siku nyingine, kwa haraka au kwa kuwaza mambo ya nyumbani, nilifunga kava na utepe ukiwa bado pale. Meza ya kwanza haijawahi kuwa na utepe mweusi. Ulikuwa kwenye droo yangu peke yake, na wewe ulijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Ile mashine ya taa ulipoifungua, nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliona unaubandua utepe taratibu, unauviringisha kidoleni, unautia mfukoni. Hukugeuka. Ulisema tu kesho nivae viatu vizuri, tutatembea. Nilijiambia nitasema tukimaliza mashine ya kwanza. Kisha nikajiambia nitasema majaribio yakiisha, kisha mtoto akianza kutembea, kisha akianza shule. Mtoto huyo sasa ana miaka kumi na tisa. Nimekaa miaka sita kwenye kiti kilichopaswa kuwa chako, na kila siku ulipokuja kuniomba saini ulibisha hodi kwanza. Nimeona aibu kila hodi, na leo nasema wazi kwamba nimeona aibu.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimwandikia meneja wetu wa sasa kila kitu kama kilivyo hapa. Alisoma, akaniuliza kama nina hakika nataka kitoke kwenye jarida, kila mtu akione, na mke wangu pia. Nikamwambia mke wangu nilimweleza Jumapili, na yeye ndiye aliyenitoa nyumbani mapema Jumatatu nije kuandika. Nikaomba barua ya onyo itolewe kwenye jalada lako iingizwe kwenye langu, kwa jina langu, na nafasi niliyopewa wataamua wao. Barua imehamishwa juzi. Kuhusu nafasi watanijibu baada ya sherehe yako, na nimewaambia sina haraka.

Kwa niaba ya meza zote za karakana, ya mapokezi, ya stoo na ya madereva, ahsante kwa miaka thelathini na tatu, ahsante kwa kila mlango uliofungwa na ukafunga kweli, na ahsante kwa watu wengi wasiojua kwamba unawadai shukrani. Uwe na afya, uwe na muda, uzungukwe na wajukuu, na siku zako za mbele ziwe nyepesi kama ulivyozifanya zetu. Nenda salama, Mama. Jana nimeomba jalada lako, nikalisoma mwenyewe ukurasa kwa ukurasa mpaka mwisho. Ni safi.